Nganda (baa) yetu ya kona mu Katuba, Lubumbashi, walisha kuitengeneza: naweza kupeleka mzee?

Mwana_Katuba
Jambo yenu wote. Bale ba Katuba munajua ile nganda ya kona, penye mti wa maembe, ilifungwa karibu mwaka mzima juu ya matengenezo na sasa wamefungua tena. Mimi nilipita tu mbele na teksi, nikaona rangi mpya, karo (vigae) mpaka nje, terasi wameizungushia ukuta.

Swali langu ni hili. Papa yangu anatimiza miaka 70 mwezi huu. Alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi, akatoka 2003 na bale ba depar volonteri (kuacha kazi kwa hiari), zaidi ya watu elfu 10, munakumbuka vile ilikuwa. Kisha pale njo mu nganda ile walikuwa wanakutana na wenzake kila siku ya posho (Jumamosi), bia moja ya Tembo watu wawili, mara ingine hata hiyo moja hakuna, na hakuna siku waliambiwa waache viti. Nataka kumupeleka. Lakini anatembea na fimbo na sikio moja halisikii tena. Niambieni ukweli: mtu anaweza kuongea mule ndani? Michopo, nyama ya kuchoma, iko bado ama walimufukuza yule wa kuchoma? Sitaki afike akute pamekuwa pa wengine.

Yaya_wa_Kenya
Ndugu, nilifika siku ya Mungu. Pazuri, sikufichi. Frigo mbili kubwa, Simba inatoka baridi mpaka chupa inatoa jasho, na SNEL ikikata umeme, gurupu (jenereta) inawaka pale pale. Kelele sasa: saa 18 wanafungua bafle za muziki na kisha hapo hata mwenye masikio mawili mazima anaongea na mikono. Muende saa 15. Saa hiyo ni kimya kabisa, unasikia mafuta ya nyama ikidondoka mu makala.

Kitu kimoja sikupenda, mlango wa mbele wameweka ngazi 3 na hakuna pa kushika. Kwa mzee wa fimbo hapana. Pitia kushoto, pale wanaingiza kazye za bia, ni sawasawa mpaka ndani, umuambie tu serveze (muhudumu) atafungua.

Kivuli_cha_zamani
Mti wa maembe waliukata. Nasema mapema ili papa asijue akiwa amefika. Pale ulikuwa sasa kuna skrini kubwa.

Mimi tarehe 14 mwezi wa 12, 2010, niliangalia timu yetu Mazembe na Internacional ya Brazil, Kombe la Dunia la vilabu, chini ya mti ule, televizyo ndogo juu ya kazye mbili, antena tumeifunga kwenye tawi, kila upepo ukipita picha inaenda na sisi tunalia. Kabangu akafunga, kisha Kaluyituka, 2-0, golikipa wetu Kidiaba akaanza kuruka na matako vile anajua yeye na watoto wa avenyu yote wakakaa chini mu matope wakaruka pamoja naye. Fainali Inter ya Milano ilitupiga 3, ndiyo, lakini ukinikuta njiani nitakuambia ya ile siku ya kwanza. Skrini wangeitia kwenye ukuta wowote. Iko kuta 4 mule! Mwenye nganda ni mtu muzuri, nilimuambia uso kwa uso, akanyamaza.

Mama_Lengalenga
Ba papa, mti naulilia pia, maembe yake nilikula. Lakini niulize: zamani choo kilikuwa wapi? Kilikuwa ukuta wa nyuma. Mwanamke alikuwa anaenda wapi? Alikuwa anarudi nyumbani, basi. Sasa kuna choo chetu peke yetu, mlango unafunga kutoka ndani, maji iko mu pipa, sabuni iko. Juma ilipita tulifika wanne wa likelemba yetu (kikundi cha kuchanga pesa), tukakaa mpaka usiku na hakuna mtu alituuliza bwana zetu beko wapi. Hiyo miaka yote haikuwahi kuwa.

Michopo iko, ni kijana yule yule, wamemuweka karibu na dirisha. Mwambie mbavu, akate ndogo ndogo juu ya meno ya mzee, na pilipili atie pembeni. Bukari (ugali) wanapika mule mule sasa. Chupa waliongeza franka 500, ujue mbele.

Mwana_Katuba
Asanteni sana. Tulienda jana, saa 15, kwa njia ya kazye.

Papa hakukaa kwanza. Alienda mbele ya skrini, akagonga karo na fimbo, mara mbili, akasema "hapa". Serveze alikuwa anaangalia tu. Akaleta kiti akakitia pale pale, akazima skrini, hatukumuomba. Tembo moja, vere (gilasi) mbili. Papa akaanza kunitajia bale waliokuwa wanakaa, mmoja mmoja, kuanzia upande wa njia, na kwa kila jina anaonyesha na kidole pale kiti kilikuwa. Wengi walisha kufa. Alipofika jina la sita, mzee wa meza ya nyuma akageuka, akamuangalia muda, akauliza: "Weye si wa atelie ya Gécamines?"

Saa 18 bafle zikawaka kweli. Wakasogeza viti, yule mzee akahamia upande wa sikio zima, na mimi nikaenda kutafuta Tembo ya pili.