Mgahawa mpya na ule usiouacha: tupeane uzoefu

Kiti cha Dirishani (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mgahawa ninaokula kwa miaka tisa sasa umepata jirani mpya, mlango kwa mlango. Jana nimesimama kati ya milango hiyo nikisoma menyu ya huyu mgeni iliyobandikwa nje, harufu inatoka vizuri kabisa. Mara mhudumu wa kule kwetu akaniona kupitia kioo, akanipungia mkono, akaenda kunivutia kiti changu. Nikaona haya, nikaingia kwa wa zamani. Nilikula nikashiba, ila usiku nimelala nikiuwaza ule mwingine. Nyie mnafanyaje? Tupeane uzoefu, uzuri na ubaya.

Zamu ya Jioni
Mkuu, nimepika kwenye majiko ya watu kwa miaka mingi, na nakuomba usiende wiki mbili za kwanza. Jiko jipya halina mdundo. Huyu anachoma, yule anapakua, hawajajuana bado. Mhudumu anachanganya namba za meza. Oda nane zinaingia kwa pamoja na hakuna anayejua ipi itangulie, basi sahani ya kwanza inapoa ikisubiri ya mwisho. Chakula kinaweza kuwa kizuri sana ukionja jikoni, kikafika mezani kimeshakufa. Na menyu ukiiona ndefu kama daftari la mahudhurio, jiulize vitu vyote hivyo vinakaa wapi. Vinakaa kwenye friza.

Mama Pacha
Sikubaliani na wewe kaka. Tukisubiri wote wiki mbili, kodi ya jengo italipwa na nani? Mimi huenda wiki ya kwanza makusudi. Mwenye mgahawa yupo mwenyewe, anapita meza hadi meza anauliza chumvi imekaaje. Miezi sita baadaye humwoni tena.

Zamu ya Jioni
Dada, wewe unazungumzia ukarimu, mimi nazungumzia chakula.

Mama Pacha
Chakula bila ukarimu nitapika kwangu.

Sahani Safi
👆 Hapo umemaliza dada.

Mtembea Usiku
Mimi wangu wa siku zote ndio ulionilaza. Niliwaamini mno, nikaacha hata kuangalia. Nilichelewa, karibu wanafunga, nikaomba wali na chochote kilichobaki. Wali ulikuja vuguvugu. Ningeurudisha, lakini tumezoeana, nikaona nitawavunjia heshima. Saa tatu baadaye nilikuwa nimekumbatia ndoo, natapika mpaka nyongo. Daktari aliniuliza swali moja tu: huo wali ulipikwa saa ngapi? Akanieleza kuwa kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa masaa kwenye joto la chumba zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu ya namna hiyo huiondoi kwa kupasha moto. Kwa hiyo hata wangeupasha ukatoa moshi, ningetapika tu. Tangu hapo chakula kikija vuguvugu nakirudisha, hata kama mpishi ni ndugu yangu.

Zamu ya Jioni
Ulifundishwa vizuri. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Hapo katikati ndipo wadudu wanapofanyia sherehe. Ukirudisha sahani, mpishi mwenye akili hakasiriki.

Bili Tafadhali
Wapo wanaokasirika, mkuu, tusidanganyane. Mimi nilirudisha kuku mbichi katikati, mpishi akatoka jikoni kuja kunitazama.

Kijiko cha Mbao
Kinachoniuma ni watu kwenda mara moja, wakakuta siku mbaya, wakauzika mgahawa wa mtu. Hebu angalieni wale wakaguzi wa kitabu cha Michelin. Kampuni ya matairi ya Ufaransa ilikitoa mwaka 1900 kuwasaidia wenye magari, nyota zikaanza 1926. Wakaguzi wanaingia bila kujitambulisha, wanalipa bili yao, na kabla ya kutoa nyota mgahawa huliwa zaidi ya mara moja. Hao ndio kazi yao. Sisi tunahukumu kwa sahani moja.

Bili Tafadhali
Hao wanalipiwa na kampuni. Mimi nalipa kwa jasho langu. Ukiniharibia mara moja inatosha.

Binti wa Tatu
Nimesoma kimya tangu mwanzo, lakini hapo mlipotaja wahudumu wanaokosea meza nimeshindwa kunyamaza.

Mama yetu alipostaafu tulimpeleka mgahawa uliokuwa na siku tatu tu tangu ufunguliwe. Kila kitu kilikuwa kinakosewa. Vinywaji vya meza nyingine vililetwa kwetu, supu ilisahauliwa, kaka yangu ameshakunja uso anamtafuta meneja. Binti aliyetuhudumia aliomba radhi mara nne. Nyama ilipofika tukatulia, dada mkubwa akaanza kusimulia kisa cha utotoni, meza nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka na tonge mdomoni.

Akaacha kucheka. Hakukohoa, hakutoa sauti yoyote, na ndiyo maana hatukujua. Alisimama taratibu, akaweka kitambaa mezani, akaelekea chooni. Nikataka kumfuata, kaka akasema mwache, labda anajisikia kulia, siku yake hii. Nikakaa. Nilikaa, jamani. Mpaka leo nikikumbuka vile nilivyokaa tena kwenye kile kiti mwili unasisimka.

Yule binti alikuwa anakuja na trei. Alimtazama Mama usoni mara moja tu, akaitua trei kwenye meza ya watu asiowajua, akamfuata. Tukasikia mlio mzito wa kofi. Nilipofika Mama ameinamishwa mbele, midomo imebadilika rangi, binti anampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mara tano. Hakuna. Akazunguka nyuma yake, akakunja ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, akaishika kwa mkono wa pili, akavuta ndani na kwenda juu. Mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu nyama ikaruka sakafuni na Mama akavuta pumzi yenye sauti kama mlango uliokwama.

Kaka yangu, yule aliyekuwa anamtafuta meneja, alipiga magoti pale pale.

Sahani Safi
Nimesoma nimesimama. Mama anaendeleaje?

Mtembea Usiku
Dada pole sana. Huyo binti Mungu ampe maisha marefu.

Bili Tafadhali
Pole dada. Ila niseme, kumpiga mgongoni ni hatari. Nyama inazama zaidi. Ni tumbo tu.

Kofia Nyeupe
Hapana, mkuu. Mimi ni muuguzi, na hili lisipite hivi hivi. Daktari Henry Heimlich, aliyetangaza njia ya tumbo mwaka 1974, alipinga makofi ya mgongoni, na maneno yake yalienea. Lakini Msalaba Mwekundu hufundisha vyote viwili: makofi matano, kisha tumbo mara tano, unarudia. Binti alifanya sawasawa. Mtu anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kusema ndiye wa kukimbiliwa. Maji usimpe. Mjamzito unabana kifua, si tumbo. Mtoto chini ya mwaka mmoja tumbo haliguswi kabisa, ni makofi ya mgongoni na kubonyeza kifua.

Na kuelekea chooni ndiko kunakoua. Mtu anaona haya kuharibu meza, anakwenda kufia peke yake. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani aliandika juu ya watu waliokuwa wanaanguka migahawani wakidhaniwa moyo umesimama, kumbe ni tonge. Ukimwona mtu ameinuka mezani kimya, mfuate.

Bili Tafadhali
Nimekuelewa, muuguzi. Nafuta kauli yangu.

Mama Pacha
Mlimpeleka hospitali baadaye? Ule mbano unaweza kuumiza ndani.

Binti wa Tatu
Tulimpeleka usiku ule ule, kwa sababu binti mwenyewe alisisitiza. Hakuumia, ni mzima. Kabla hatujaondoka alikuwa amekaa ameshika mkono wa yule binti hataki kuuachia, kisha akamuuliza kwa sauti iliyokauka, "Na ile supu yangu?" Ikaletwa. Akanywa nusu.

Zamu ya Jioni
Huko hata ningejua jiko halina mdundo ningekwenda.

Mama Pacha
Leo umesema, kaka.

Kiti cha Dirishani (mleta mada)
Asanteni nyote. Dada, msalimie sana Mama. Kesho jioni nimeamua kuingia kwa huyu jirani mpya. Nimempitia mhudumu wangu nikamwambia mwenyewe, nisije nikaonekana kupitia kioo. Amecheka, akasema nikirudi nimweleze supu yao ikoje.