Miche yangu ya kahawa inatambaa, nitumie mbolea gani?

Mkulima_Bombo: Wakuu, salaam. Nina miche 400 ya kahawa aina ya Robusta kitaluni, hapa Bombo, Luweero, Uganda. Mizizi ipo, majani ni ya kijani, lakini inakwenda ubavuubavu kama boga. Nimeifunga vijiti, wapi. Mbolea gani itaisimamisha? Mvua za Machi ziko mlangoni.

Shamba_Kwanza: Achana na mbolea. Kivuli kikizidi, mche hurefuka ukalala. Punguza nyasi za juu kidogokidogo.

MamaKitalu: Kulala na kutambaa ni mambo mawili. Ni ya mbegu au ya vikonyo, yaani vipande vya mti vilivyokatwa na kuoteshwa? Vilikatwa wapi?

Mkulima_Bombo: Vikonyo, mama. Vya mti mmoja unaozaa sana.

MamaKitalu: Nauliza sehemu ya mti.

Mkulima_Bombo: Matawi ya pembeni. Maotea, yale machipukizi ya wima, yalikuwa machache. Si mti uleule lakini?

MamaKitalu: Ndiyo hapo sasa. Kwenye mkahawa, shina na maotea hupanda juu. Matawi ya pembeni ndiyo hubeba matunda. Kikonyo cha tawi la pembeni hushika mizizi, kisha huendelea kuwa tawi. Kata maotea yaliyosimama wima. Ukitaka mengi, inamisha shina la mti mama ulifunge, yatachipua mgongoni. Yakate yangali ya kijani, kila kipande pingili moja, chini mshazari, majani upunguze nusu. Weka ndani ya nailoni, kivulini. Ukifunuafunua, unyevu unatoka na majani yanapukutika kabla ya mizizi.

Mkulima_Bombo: Nikiikata vichwa haitachipua wima? Kuna mtu ameshalipa nusu.

MamaKitalu: Itachipua matawi mengine ya kutambaa.

Bwana_Mzaha: Muuzie kama maboga.

Hajji_wa_Kijiji: Kupokea pesa ya mche usiojua utasimama au la ni dhuluma, kijana.

Jicho_Kali: Hadithi ya kutunga hii. Mwenye kitalu cha miche 400 asijue otea? Kesho ataleta namba ya simu, auze miche "iliyonyooka".

Mkulima_Bombo: Siuzi kitu humu. Picha hizo hapo.

Shamba_Kwanza: Picha hazidanganyi: matawi yametoka mawilimawili, yamelala bapa, hakuna shina. Ila hamjagusa tatizo la pili. Mti mmoja! Robusta haijichavushi. Hata ungekata maotea, miche 400 ya mti mmoja ingechanua bila kushika matunda, labda jirani awe na kahawa tofauti. Tafuta aina za Robusta ziitwazo KR1 hadi KR10, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono, zinastahimili ugonjwa wa mnyauko. Changanya kadhaa shambani. Futi 10 kwa 10, eka moja inabeba kama miche 435.

Mkulima_Bombo: Nikipanda hii nusu, na KR nusu?

MamaKitalu: Utapalilia vipi mti uliolala? Mrudishie mtu pesa yake.

Jicho_Kali: Huo mti unaozaa sana uko Bombo upande gani? Nauliza tu.