Nyangumi kaibuka karibu na boti yetu njia ya Mnemba, nahodha alifanya sawa?

MtuWaBara
Habari wakuu. Agosti hii tulikua Unguja mimi na wife na mashemeji wawili, tukakodi boti pale Matemwe twende Mnemba kuogelea na kupiga picha basi, hatukua na mpango mwingine. Bahari ya kusi mnaijua, maji yanaruka mpaka usoni, shemeji mmoja keshaanza kutapika. Ghafla mbele naona kama moshi mweupe unaruka juu ya maji nikajua kuna boti inaungua, mara mgongo mweusi huo unapita, mreeefu, hauishi, halafu mkia ukanyanyuka. Pembeni kuna kadogo kanamfata. Nahodha akatoa gia, mashine inanguruma tu palepale, anasema tulieni huyo ana mtoto. Namwambia kaka tukimbie, hataki! Kama dakika ishirini nimekumbatia laifjaketi. Sasa nauliza, yule anaweza kupindua boti? Na jamaa alikua sawa au alitaka tu bakshishi?

KusiKaskazi
Mimi natembeza wageni baharini, na nahodha wako alikua sawa kabisa. Ukipiga fulu hujui kapita wapi chini, unaweza kumkata mtoto na propela. Ukizima kabisa nayo si nzuri, anakua hakusikii upo wapi, anaweza kuibukia ulipo. Ndo maana unatoa gia unaacha iungurume. Ukitaka kutembea naye kaa ubavuni mwake, acha mita mia hivi, usimkate mbele, usimfukuze kwa nyuma, na kati ya mama na mtoto usiingie kamwe. Akija mwenyewe kukuchungulia hiyo hiari yake. Kupindua uwezo anao, mita 13, 14 hivi na tani kama 30, ila hana shida na wewe, hatari ni akiruka akaangukia ulipo, kwahiyo usimsogelee. Na mtu asijirushe majini akaogelee naye, wageni wanapenda sana huo upuuzi.

Babu_Dhow
Mmekaa dakika ishirini na hamjarudi hata na kipande cha ambari, ile ya tumboni mwa nyangumi wanayotengenezea manukato? Mngekua matajiri saivi 😂 Kidogo tu yawakute ya Nabii Yunus.

PwaniTupu
@Babu_Dhow ambari inatoka kwa yule nyangumi mwingine wa kichwa kikubwa kama kontena, huyu waliyemuona ni nyangumi wa nundu, hana. Na kumeza mtu hawezi, hana meno, koo lenyewe dogo, anachuja tu vidagaa na uduvi.

Kwetu Watamu, Kenya, tunawaona kuanzia Julai mpaka Septemba, Oktoba wanaanza kupungua. Wanatoka kule kwenye barafu Antaktika, chakula chao kiko huko, huku wanakuja kuzaa na kutafutana tu inasemekana ni kwa vile mtoto akizaliwa hana mafuta ya kutosha kuhimili ile baridi. Yani huyo mama mliyemuona miezi yote anayokaa huku hali kitu cha maana, ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo, na mtoto anazaliwa na karibu tani moja! Sasa ukimkimbizakimbiza na boti unammalizia nguvu ya kurudi nayo.

Mzamiaji77
Mbona kama mmeona papa potwe, Mafia tunaogelea nao kila mwaka hawana neno

KusiKaskazi
Potwe samaki huyo bwana, anapumua kwa mashavu, harushi mvuke kama ule moshi mweupe aliouona jamaa. Na mkia wake umesimama wima kama wa papa yoyote, nyangumi mkia umelala kama wa pomboo. Halafu potwe wa Mafia msimu wake Oktoba mpaka Machi, sio Agosti.

MtuWaBara
Aisee asanteni. Bakshishi sikutoa, tena nilimnunia mpaka tunashuka. Namba yake ninayo nitamrushia kitu kwenye simu. Shemeji aliyekua anatapika bado anabisha, anasema ile ilikua nyambizi ya jeshi.