Nyumba tatu zimetuponyoka: Segerea, Kinyerezi na Ukonga. Mliofanikiwa kununua kwa mkopo mliwezaje?

Mama Ilham wa Tabata

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri, na mwenye neno la kunituliza moyo tu naye namkaribisha. Mimi nashona mapazia, fremu yangu iko Tabata Bima. Baba Ilham ni mwalimu wa sekondari, ana miaka mingi kazini. Tumepanga vyumba viwili na sebule, na mwenye nyumba sasa anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Tumejibana mpaka tukafikisha milioni 45 kati ya SACCOS yake na akiba yangu. Benki imemwambia kwa mshahara wake anaweza kupata kama milioni 35, maana moja ya tatu ya mshahara haiguswi na bodi ya mikopo nayo bado inamkata deni la chuo. Jumla 80. Kwa hela hiyo tunatafuta nyumba iliyokwisha, hata iwe ndogo, ilimradi tuhamie.

Ya Segerea ndiyo imeniuma kuliko zote. Vyumba vitatu, kisima, hati ipo. Tukakubaliana milioni 78, tukapeana mikono na mama mwenye nyumba, akanipa na chai. Benki ikaanza mambo yake. Mthamini hajafika, naambiwa nyumba imeuzwa. Kuna mtu yuko nje ya nchi, mdogo wake alikuja na hela yote, ikahamishwa siku hiyohiyo. Na mimi kwa kiherehere cha kazi yangu nilishapima madirisha, mapazia ya sebuleni yameshonwa, rangi ya maziwa na ukanda wa kahawia. Yana upana wa ajabu, siwezi hata kumuuzia mteja mwingine.

Ya Kinyerezi ilikuwa ya mirathi. Ndugu wanne wamekubali, mmoja yuko Mwanza hataki kusikia. Ya Ukonga ina leseni ya makazi tu, yaani kibali cha muda kisicho hati kamili, benki yetu ikasema inataka hati miliki, basi.

Sasa nyumbani hatuongei vizuri. Yeye anasema tuachane na nyumba za watu tukanunue kiwanja, mimi najua kiwanja maana yake ni miaka mingine ya kulipa kodi huku tunajenga. Niendelee na mkopo, au soko la Dar halina nafasi kwa mtu anayesubiri benki? Na ninyi mliokosa mara ya kwanza na ya pili, mliwezaje kurudi tena kutafuta?

Kijana wa Chanika

Milioni 45 taslimu unalia? Njoo huku Chanika uchukue kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, upandishe vyumba viwili uhamie, mengine mbele kwa mbele. Nyumba ya mkopo ni ya benki, wewe ni mpangaji tu mwenye funguo.

Mzee wa Mafaili

Marahaba binti yangu. Nimestaafu, lakini nilikaa dawati la mikopo ya nyumba kwa muda mrefu, kwa hiyo hao wauzaji wanaokimbia nawajua na benki inayochelewa naijua.

Huyo kijana wa Chanika tumwache kidogo. Nianze na Segerea. Yule mama hakukuchukia. Fikiria upande wake: ukimwambia muuzaji "nanunua kwa mkopo", anachosikia ni kwamba atakaa bila kujua lini atalipwa. Na kweli. Benki lazima ifanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani ikague rejesta kama hati ni safi, mthamini aende, wakili wa benki asome, uhamisho upate idhini, rehani isajiliwe, ndipo hela itoke. Mwenye hela mkononi anaruka karibu yote hayo, kwa hatari yake mwenyewe.

Usichoweza ni kumshinda kwa kasi baada ya kuipata nyumba. Unachoweza ni kufanya mambo ya polepole kabla hujaipata. Mwalimu apeleke faili lote benki sasa hivi: slipu za mshahara, barua ya mwajiri, kitambulisho cha NIDA, taarifa za akaunti. Aombe wamwandikie barua kwamba amekubaliwa kwa awali hadi kiasi fulani. Haimaanishi hela imetoka, ila muuzaji akiiona anajua hazungumzi na mtu wa kubahatisha. Aulize pia benki inawakubali wathamini gani, awe na simu zao. Halafu nyumba yoyote mtakayoipenda, kabla ya kubishana bei, omba nakala ya hati na ufanye upekuzi mwenyewe. Muuzaji anayekunyima nakala siku ya kwanza amekusaidia sana, nenda zako.

La pili, hiyo milioni 45 yako ni silaha na hujaitumia. Kwenye nyumba ya 78 ni zaidi ya nusu. Mkiwa na mkataba wa mauziano uliosimamiwa na wakili wenu, si wa kwake, mnaweza kumlipa sehemu kubwa kwanza na iliyobaki itoke benki. Muuzaji aliyeshika nusu hamkimbilii mtu wa nje. Lakini kifungu cha kurudishiwa hela kiwe wazi: hati ikikutwa na zuio, au mwenza wake akikataa kutia sahihi, hela inarudi yote na tarehe ya kurudi imeandikwa. Na ipite benki kwa benki. Hela ya kuhesabiana sebuleni sikushauri hata kama ni ya shangazi yako.

Hilo la mwenza lisikilize vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona mauzo yamekamilika, mnunuzi amepaka rangi, mke anatokea Tanga na cheti cha ndoa. Kesi ilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba ikakaa huko.

Halafu hesabu zako. Umesema 80 na nyumba ya 78, kwa hiyo umebakiza mbili. Hazitoshi. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kuna wakili, uthamini, ada za ardhi. Na kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji kisheria, asilimia 10 ya faida aliyopata, lakini wauzaji wa hapa mjini wana msemo wao, "mimi nataka hela yangu safi", maana yake kodi wanakutupia wewe. Liulizeni hilo mapema, bei ikiwa bado mezani. Kwa mfuko wenu mimi ningetafuta nyumba ya 70 na kurudi chini.

Ya Kinyerezi usiililie kabisa. Nyumba ya mirathi kwanza muulize anayeuza kama ana barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kama hana, mnazungumza na ukoo, hamzungumzi na muuzaji.

Dalali Side

Naona madalali tunasubiriwa tutukanwe, nimewahi.

Mama Ilham, mzee kasema yote ya benki, mimi niseme ya mtaani. Nyumba haiuzwi na mtu asiye na shida. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana ada, mwingine mnada unamnyemelea. Ukijua shida yake ina tarehe gani ndipo utajua kama mkopo wako utamfaa. Mama wa Segerea kama alikuwa na tarehe ya karibu, hata ungekuwa na barua kumi za benki angeuza tu. Tafuta muuzaji asiye na haraka: anayehamia mkoani baada ya kustaafu, au ndugu wanaogawana taratibu na karatasi zao zimekamilika. Wapo.

Pia nyumba ikipita mikono ya madalali watatu kila mmoja anaweka cha juu chake. Nyumba ya 70 unaisikia 80. Dai kuonana na mwenye nyumba mapema, udalali wetu tutakulipisha tu usiogope. Na ile asilimia 10 utakayoombwa na watu wa serikali ya mtaa ili wagonge muhuri, waambie wakupe namba ya malipo ya serikali. Hapo utaona inavyoshuka.

Nuru wa Kifuru

Pole sana shoga. Mimi nilikosa nyumba Tabata Kimanga kwa staili hiyohiyo, mwenye hela kanipita mlangoni. Nililala wiki nzima nikimchukia mtu nisiyemjua.

Kilichonitoa ni kwamba dada yangu alinipeleka kuona pagale huku Kifuru, nami sikutaka hata kushuka kwenye bajaji. Kuta zimefika kwenye linta, mwenyewe kaishiwa, nyasi ndani zinafika kiunoni. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya nyumba iliyokwisha, na kwa sababu haina bati wala milango, wenye hela nyingi hawakuitazama. Tukapaua, tukaweka milango miwili na nyavu, tukahamia chumba kimoja na jiko. Plasta ilikuja baadaye sana. Bado hakuna dari sebuleni, mvua ikinyesha tunaongea kwa kupiga kelele. Lakini kodi tuliacha kulipa.

Nisiseme pagale ni salama kuliko nyumba. Kabla ya hili kuna jingine tuliliona karibu na bonde la Msimbazi, bei nzuri mno. Dada yangu akainama akakwaruza ukuta kwa ufunguo. Sehemu ya chini ya ukuta ilipakwa chokaa mpya, juu yake kidogo palikuwa na mstari wa tope umekwenda sawa kama uliopigwa rula, unazunguka chumba chote mpaka nyuma ya mlango. Nikasimama pembeni yake, ulinifika kwenye paja. Muuzaji akasema ni unyevu wa kisima. Jirani mwenye genge hakusema neno, akatuonyesha alama hiyohiyo kwenye mguu wa meza yake. Kwa hiyo nyumba yoyote ya huku bondeni ione wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri.

Na angalia alama ya X, ile inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 kwa ajili ya barabara ya Morogoro walikuwa na nyumba nzuri na wengine walikuwa na karatasi zao. Hifadhi ya barabara haijali vigae.

Kuhusu kugombana ndani: sisi tulikubaliana nyumba isiongelewe baada ya saa mbili usiku, na watoto na wakwe wasiambiwe chochote mpaka mkataba umesainiwa. Mama mkwe alikuwa anauliza kila Jumapili "mmehamia lini?", ilikuwa inaniua.

Mama Ilham wa Tabata

Asanteni mno, nimesoma kwa sauti Baba Ilham akisikiliza. Kwenye hesabu za Mzee wa Mafaili amekaa kimya kabisa, halafu akachukua kalamu. Tulikuwa tunasema "80" kama wimbo, hakuna aliyetoa gharama.

Nuru, la mama mkwe umenichekesha, wa kwangu alishachagua chumba chake Segerea.

Kijana wa Chanika, sikudharau. Ila mwanangu anasoma hapa Tabata, mimi wateja wangu wako hapa, na kutoka Chanika asubuhi kufika Bima nifungue fremu saa mbili, nitaamka na majogoo. Nauli na muda navyo ni kodi.

Tumekubaliana hivi: faili linakwenda benki wiki hii, tunashuka hadi 68, na pagale tutaliangalia likiwa na hati na halipo bondeni. Dalali Side, kuna mstaafu Segerea anayerudi Moshi, nimesikia kwa mteja wangu, hajampa dalali yeyote bado, unisamehe.

Mzee, swali moja. Upekuzi naweza kuomba mimi nisiye mmiliki, au mpaka mwenye nyumba aende?

Dalali Side

Hahaha, nimesamehe. Ila ukimkuta na ndugu zake kumi mezani utanitafuta.

Mzee wa Mafaili

Unaweza binti yangu, rejesta ya hati iko wazi kwa yeyote anayelipia. Unahitaji namba ya hati, au namba ya kiwanja na kitalu. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki uliobaki, kama ilitolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na kama kuna rehani au zuio juu yake. Jina lifanane na kitambulisho cha huyo mstaafu herufi kwa herufi. Mwambie pia akuonyeshe risiti za kodi ya pango la ardhi, deni la miaka ya nyuma huwa linamfuata mnunuzi. Na nakala ya hati usipokee ukurasa wa kwanza tu uliopigwa picha kwa simu. Omba kurasa zote, maana uhamisho na rehani huandikwa huko nyuma.

Nuru wa Kifuru

Huyo mstaafu nyumba yake iko upande gani, juu huku au chini karibu na mto? Mama Ilham, usisahau ufunguo.