Naomba ushauri: je, tepu na mizani vinatosha kutambua wanafunzi walio katika hatari ya maradhi ya unene?

Mwalimu wa Afya (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi ya binafsi hapa Dar es Salaam. Kamati ya wazazi imeiomba shule iwapime watoto kila mwanzo wa muhula, kwa hoja kwamba wengi wao huja na kurudi kwa basi la shule, hununua chipsi na soda wakati wa mapumziko, na jioni hushinda mbele ya televisheni. Nia hiyo naiunga mkono. Vifaa tulivyonavyo ni mizani ya kidijiti, tepu ya fundi cherehani na ukuta ulionyooka. Daktari huja kwa kuitwa tu.

Kinachonitatiza ni jedwali la BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ambalo mzazi mmoja alilituma kwenye kundi letu, linalosema kuwa chini ya 18.5 ni wembamba, 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, na 30 kwenda juu ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Nililijaribu kwa mvulana wa miaka 9 mwenye kilo 39 na urefu wa sentimita 132. Jibu lilikuwa 22.4, yaani kawaida, ilhali yeyote anayemwona mtoto huyo akipanda ngazi atatilia shaka jibu hilo. Wenzake wenye miili ya wastani, wanaocheza mpira mchana kutwa, wote wakaangukia kwenye wembamba. Naomba kujua kipimo gani kinafaa kwa watoto, kinachukuliwaje, na wazazi waambiwe nini baada ya hapo.

Afisa Lishe wa Kata

Mwalimu, jedwali hilo ni la watu wazima na halifai kabisa kwa wanafunzi wako. Mwili wa mtoto hubadilika kila mwaka, kwa hiyo BMI yake husomwa kwenye chati ya umri na jinsia. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za watoto wa miaka 5 hadi 19 mwaka 2007, na mpaka leo ndizo zinazotumika katika nchi nyingi. Kwa mvulana wa miaka 9 wastani uko karibu na 16, uzito uliozidi huanza karibu na 17.9, na kiribatumbo huanza karibu na 20.5. Mvulana wako mwenye 22.4 ameuvuka mstari huo wa mwisho. Kwa mvulana wa miaka 15 mstari huohuo umepanda hadi 27, na ndiyo maana namba moja haiwezi kuwahukumu wote. Shirika hilo linatoa bure programu ya kompyuta iitwayo AnthroPlus, ambayo ukiiingizia tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uzito na urefu hukufanyia hesabu yote.

Hata hivyo, BMI haioni mafuta yamekaa wapi. Mtoto mwenye misuli na mtoto mwenye kitambi wanaweza kupata namba moja, ilhali mafuta yanayojikusanya tumboni, kuyazunguka maini na matumbo, ndiyo yanayohusishwa zaidi na presha, kisukari cha aina ya pili na maini yenye mafuta. Kwa sababu hiyo ningekushauri uongeze kipimo cha mzunguko wa kiuno ukilinganishwa na urefu. Kanuni yake ni nyepesi: kiuno kisifikie nusu ya urefu. Mvulana mwenye sentimita 132 nusu yake ni 66, na kama kiuno chake ni 71 uwiano wake ni 0.54. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, iliweka 0.4 hadi 0.49 kuwa salama, 0.5 hadi 0.59 kuwa hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu kuwa hatari kubwa, na ikaruhusu kipimo hicho kwa watoto kuanzia miaka 5. Uzuri wake ni kwamba mstari wa 0.5 hauhitaji chati ya umri wala ya jinsia.

Tena unaweza kukifanya bila namba yoyote. Pima urefu wa mtoto kwa kamba, ikunje kamba mara mbili, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chake hakijazidi nusu. Zisipokutana, mwandike pembeni apimwe vizuri.

Mama Watatu

Naomba niongezee jambo ambalo wataalamu hulipita haraka. Binti yangu alipimwa uzito mbele ya darasa zima katika shule aliyokuwa akisoma awali, mwalimu akizitaja kilo kwa sauti ili mwenzake aandike. Kufikia mchana alikuwa amepewa jina la utani lililomfuata mpaka tulipomhamisha, na kwa muda mrefu akawa anakataa kula mbele ya watu. Sipingi vipimo, lakini nauliza nani atakuwepo chumbani, nani ataandika, na karatasi zile zitalala wapi.

Kijana wa Zamani

Sisi tulikua bila tepu kiunoni na tupo. Mtoto aliyenawiri ni dalili kwamba nyumbani kuna chakula, na unene wa utotoni huisha akibalehe. Isitoshe, hizo chati zimetengenezwa kwa watoto wa Kizungu. Kwa nini tuwatafutie watoto wetu magonjwa yasiyokuwepo?

Abu Salim, Muscat

Ndugu Kijana wa Zamani, kuhusu chati hoja yako ina nusu ya ukweli. Chati za watoto wa chini ya miaka 5, zilizotolewa mwaka 2006, zilitokana na watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Marekani na hapa Omani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri, na ikaonekana kwamba wakipata malezi hayo urefu wao hukaribiana sana popote walipo. Zile za miaka 5 hadi 19 ndizo zilizojengwa juu ya takwimu za zamani za Marekani, zikaunganishwa na hizo za mwanzo. Kwa hiyo mwalimu azitumie kama kiongozi, asizifanye hukumu. Ama kwamba unene huisha wenyewe, wapo ambao huisha kwao, lakini kadiri mtoto anavyokaribia ujana akiwa na kiribatumbo ndivyo uwezekano wa kubaki nacho ukubwani unavyoongezeka. Huku Ghuba tumeishi na jambo hili muda mrefu kidogo kuliko nyinyi, na kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa kikiitwa cha watu wazima, siku hizi si cha watu wazima peke yao.

Tabibu wa Zahanati

Nimesoma michango yote. Niruhusuni niandike kirefu, kwa sababu kipimo chepesi kikichukuliwa ovyo huleta usumbufu kuliko faida.

Nianze na tepu. Tepu ya fundi cherehani ikizeeka huvutika ikarefuka, kwa hiyo ilinganishe na rula ya chuma kabla ya kuanza, na ikizidi hata nusu sentimita nunua nyingine. Mtoto asimame wima, miguu imeachana kidogo, mikono imelegea. Kwa kidole tafuta ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uweke tepu katikati ya sehemu hizo mbili, si mahali mkanda wa suruali unapokaa. Tepu ilale usawa pande zote, iguse ngozi bila kuibana, na usome mtoto anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida. Watoto wengi wakihisi tepu hubana tumbo. Muulize swali la kawaida, kwa mfano jina la rafiki yake. Akijibu, tumbo litalegea. Pima mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja rudia. Kwa urefu, vua viatu, visigino viguse ukuta, macho yatazame mbele, na uangalie wasichana waliosukwa nywele zikasimama, kwa sababu fundo la nywele linaweza kuongeza sentimita kadhaa na kuuharibu uwiano wote.

La pili ni kwamba tepu haijui kilichomo tumboni. Katika nchi yetu tumbo kubwa si lazima liwe la mafuta. Bandama lililovimba kwa malaria ya mara kwa mara au selimundu, ini na bandama vilivyoathiriwa na kichocho cha tumbo, hata minyoo mingi, vyote vinaweza kulitanua tumbo la mtoto ambaye mikono na miguu yake ni myembamba. Mtoto wa namna hiyo akitoka na uwiano wa 0.52, ukimwambia mama yake ampunguzie chakula utakuwa umemdhuru. Yeye anahitaji hospitali, na mapema. Ndiyo maana sikubali tepu itumike bila mizani: BMI ikiwa juu na kiuno kikiwa juu, hayo ni mafuta kwa uwezekano mkubwa, kiuno kikiwa juu na BMI ikiwa ya kawaida au chini, simama ujiulize.

La tatu linahusu udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto mfupi kwa umri wake hupata uwiano mkubwa kwa urahisi kwa sababu kiuno hugawanywa kwa urefu, na urefu wake ni mdogo. Sisemi apuuzwe, maana waliodumaa kisha wakanenepa nao wako hatarini. Nasema asomwe kwa makini zaidi. Na kuna ufupi wa aina nyingine. Watoto wanene kwa sababu ya chakula na kukaa tu kwa kawaida huwa warefu kuliko rika lao. Ukiona mtoto ananenepa huku ameacha kurefuka, mpeleke kwa daktari hata kama namba zake si za kutisha, kwa sababu huenda tatizo ni tezi au homoni.

Baada ya vipimo, kwa yule aliyevuka mstari kuna mambo unayoweza kuyaangalia bila maabara: ngozi ya shingo au makwapa iliyokolea weusi na kuwa nene kama mahameli, ambayo wazazi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, kumbe mara nyingi ni dalili kwamba mwili unaikaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, kukoroma usiku na kusinzia darasani, maumivu ya magoti au nyonga, kiu na kukojoa sana. Hilo la mwisho halingoji miadi, mtoto apimwe sukari siku hiyohiyo. Presha ipimwe kliniki kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo haipo. Mengine, kama mafuta ya damu na vipimo vya ini, aamue daktari.

Mwisho, usianze kupima kabla ya kujua mtoto atapelekwa wapi. Shule isiyo na mahali pa kumpeleka mtoto aliyeonekana ina shida haina sababu ya kumpima.

Wakili Mshauri

Nichangie upande wa sheria kwa ufupi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwalimu apate ridhaa ya maandishi kwanza, karatasi zifungiwe, na matokeo yasitumwe kwenye kundi la wazazi, hata kwa namba za usajili, kwa maana watoto wanajuana namba.

Afisa Lishe wa Kata

Naunga mkono, na kwa Mama Watatu naongeza kwamba hofu yake ina ushahidi. Utafiti uliofanyika California katika shule 79 uligundua kwamba kuwatumia wazazi ripoti ya BMI ya mtoto hakukupunguza uzito wa watoto, na kupimwa shuleni kuliwafanya baadhi yao waichukie miili yao zaidi. Kwa hiyo mwalimu, barua peke yake si kazi. Anza na duka la shule: maji ya kunywa yapatikane bure, chipsi zipungue, na kipindi cha michezo kisiliwe na masomo ya ziada. Hayo yanamfaa kila mtoto, awe mnene au mwembamba, na hayamnyoshei kidole yeyote.

Mwalimu wa Afya (mleta uzi)

Nawashukuru sana. Nimezungumza na kituo cha afya cha jirani na wamekubali kuwapokea watoto wetu. Tutapima mmoja mmoja nyuma ya pazia, mwalimu wa kike kwa wasichana, na mtoto hatatajiwa namba. Barua kwa mzazi nimeiandika hivi: "Mtoto wako amegundulika kuwa mnene kupita kiasi na yuko katika hatari ya kisukari. Tafadhali mpunguzie chakula na umpeleke hospitali." Naomba mnisahihishie kabla sijaipeleka kwa mkuu wa shule.

Tabibu wa Zahanati

Ondoa "amegundulika", kwa sababu shule haigundui ugonjwa. Ondoa "mnene", maana barua itasomwa na mtoto kabla ya mzazi. Ondoa kabisa "mpunguzie chakula". Andika hivi: "Katika vipimo vya kawaida vya muhula, vipimo vya mtoto wako vimeonyesha kwamba inafaa aonwe na mtaalamu wa afya. Hii si taarifa ya ugonjwa. Tafadhali fika naye katika kituo cha afya ukiwa na barua hii, na mpaka wakati huo usimbadilishie chakula kwa lengo la kumpunguza uzito." Chini yake weka siku na saa za kliniki, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Barua hiyohiyo itawafaa pia wale waliotoka wembamba mno, na wote waipate katika bahasha za aina moja.