Mtafsiri aliyeshindwa kunyamaza ametuharibia filamu nzima, tena mbele ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa siku tatu nikijizuia kuandika uzi huu, kwa sababu sipendi kulalamikia jambo la starehe wakati watu wana shida za kweli, lakini kila nikiikumbuka Jumamosi iliyopita hasira inanipanda upya, na naona ni afadhali niyamwage hapa kuliko kuendelea kumnung'unikia mke wangu, ambaye naye ameshachoka kunisikiliza.

Nilikwenda na flashi yangu kwenye laibrari ya muvi ya mtaani kwetu, nikaomba niwekewe What We Do in the Shadows, filamu ya New Zealand ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Taika Waititi na Jemaine Clement, ambao wote wawili wameigiza humo pia. Nilikuwa nimeiona nusu nyumbani kwa rafiki na nilicheka hadi machozi, kwa hiyo nilitaka tuitazame sebuleni pamoja na mama mkwe aliyekuja kututembelea. Kijana wa dukani akaniambia kwa furaha kwamba nina bahati, ipo iliyotafsiriwa, yaani yenye sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya filamu. Kwa kuwa mama hajui Kiingereza, nilimshukuru, nikalipa, nikaondoka nikijiona mkwe mwema.

Kwa ambaye hajaiona, hii ni filamu inayojifanya makala ya kweli. Wapiga picha wameruhusiwa kuwafuata wanyonya damu wanne wanaoishi nyumba moja mjini Wellington, na kinachowasumbua wanyonya damu hao si jua na misalaba tu, bali pia zile kero tunazozijua sote tuliowahi kupanga chumba na wenzetu. Mmoja hajaosha vyombo kwa miaka 5, na kikao kinaitishwa jikoni kujadili zamu yake. Mwingine, kabla ya kumng'ata mgeni wake shingoni, anaanza kwa kutandika magazeti na taulo ili damu isichafue fanicha. Hakuna anayecheka wala kupandisha sauti. Wanaeleza mambo yao kwa upole na uzito uleule wa mjumbe wa serikali ya mtaa anayehojiwa kuhusu mradi wa maji, halafu kamera inabaki usoni mwa mtu sekunde mbili tatu baada ya maneno kumwishia, naye anaduwaa. Huko kuduwaa ndiko kichekesho kilipo.

Mtafsiri wetu, ambaye sitamtaja kwa jina, alizijaza sekunde zote hizo. Mtu akinyamaza, yeye anasema. Mtu akitazama kamera kwa aibu, yeye anapiga ukelele wa «haaa, mwangalieni huyu jamaa!» na kucheka kicheko kirefu kinachofunika sauti ya tukio linalofuata. Kikao cha vyombo, ambacho ningekuwa tayari kulipa nauli ili mama akione, kiligeuzwa kuwa mipango ya mauaji, kwa kuwa ni dhahiri kwamba mtafsiri aliona meno marefu na vyombo vyenye damu akaamua mwenyewe kwamba hii ni filamu ya kutisha, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Tena kosa lilianza kabla hata ya kikao hicho. Mwanzoni kabisa panatokea nembo ya bodi ya makala ya kubuni, kisha maandishi yanayoeleza kwamba kila mpiga picha alivaa msalaba na kwamba wenyeji wao waliwaahidi ulinzi. Maandishi yale ndiyo mlango wa mchezo mzima, maana bila hayo mtazamaji hawezi kujua kwamba ndani ya hadithi kuna kamera na kuna watu walioishika. Wakati yanapita kwenye skrini, mtafsiri alikuwa akitangaza duka lake, namba zake za simu na bei ya kurusha filamu kwenye simu. Matokeo yake, robo saa baadaye mama akaniuliza kwa adabu, «Baba, hawa wanaongea na nani?» Nikaanza kueleza, na kila nilipofungua mdomo mtafsiri naye alifungua wake.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni suala la hodi. Mnyonya damu wa hadithi za Ulaya hawezi kuingia mahali asipokaribishwa, na filamu inalichezea sharti hilo vizuri sana: jamaa wamevaa wakapendeza, wanazunguka kwenye milango ya kumbi za starehe, wakiwasihi walinzi wa mlangoni wawakaribishe ndani, na hakuna anayeelewa kwa nini watu wazima wanaogopa kuvuka kizingiti. Niambieni, ni lugha gani duniani iliyozaliwa tayari kwa tukio hili kuliko Kiswahili? Sisi tuna «hodi», tuna «karibu», na tuna mgeni anayesimama mlangoni hata kama mlango uko wazi, akisubiri neno moja tu. Angesema «hodi, hodi» kwa sauti ya unyonge kisha akakaa kimya, mama mkwe angeanguka kwenye kiti kwa kicheko. Badala yake tuliambiwa kwamba wamenyimwa kuingia kwa sababu hawana pesa ya kiingilio.

Hata jina hakuwapatia. Mara walikuwa majini, mara mashetani, mara wachawi, ndani ya dakika kumi. Angesema mumiani ningemwelewa, ingawa mumiani wa simulizi za bibi zetu huiba damu kwa biashara na wala si mfu aliyefufuka. Walau angekuwa amefikiri kidogo.

Kisha wakaja mbwa mwitu, yaani wanaume wanaogeuka mbwa mwitu mbalamwezi ikikamilika. Katika filamu yenyewe, kiongozi wao ni mtu mwenye kujali nidhamu kiasi kwamba mwenzao akiteleza na kutoa tusi anakemewa papo hapo, na hilo ndilo linalochekesha, kwamba viumbe wa kuogofya namna ile wanakatazana lugha chafu kama wanakwaya. Mtafsiri wetu aliwavisha matusi ya stendi, ya nguoni kabisa, mfululizo bila kupumua, nami nimeketi kiti kimoja kutoka kwa mama mkwe. Wenye wakwe mnanielewa. Nililitafuta rimoti nisilione, mke wangu akainuka ghafla kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni, na mama akawa anautazama ukuta.

Sitaki nieleweke vibaya. Nimekua na filamu za kutafsiriwa, tangu enzi za marehemu Lufufu na kanda za VHS, na najua kwamba kwenye filamu ya kung fu au ya Kihindi mtafsiri hodari huongeza utamu ambao mwongozaji mwenyewe hakuuweka. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana ma-VJ wao, yaani watafsiri wa filamu, na watu hujaza vibanda kwa ajili ya sauti hizo. Ngumi zikirushwa, maneno mengi hayadhuru kitu. Makala ya kejeli ni jambo jingine, kwa kuwa haina ngumi wala wimbo, na silaha yake pekee ni uso mkavu. Tarehe 1 Aprili 1957, BBC ilirusha katika kipindi cha Panorama taarifa ya mzaha ya dakika kama tatu kuhusu familia ya kusini mwa Uswisi inayochuma tambi mitini, na baadhi ya watazamaji wakapiga simu kuuliza wanawezaje kuotesha mti wao wa tambi. Waliamini kwa sababu msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, sauti iliyoheshimika, naye alisoma maneno yale kama anayesoma habari za mavuno ya kawaida. Angecheka mara moja tu, mambo yote yangekwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa This Is Spinal Tap ya mwaka 1984, makala ya kejeli kuhusu bendi ya roki, pale mpiga gitaa anapojivunia kikuza sauti chake chenye alama hadi 11, akaulizwa kwa nini asiifanye 10 iwe ndiyo sauti kubwa zaidi. Anafikiri, anatafuna, kimya kinarefuka, kisha anarudia jibu lilelile. Naogopa hata kuwaza mtafsiri wetu angeweka nini katika kimya kile.

Ninachodai ni kidogo. Mtafsiri aitazame filamu hadi mwisho kabla ya kushika kipaza sauti, ayasome maandishi ya mwanzo badala ya kuyafunika kwa matangazo, na pale mhusika anaponyamaza, naye anyamaze. Wenye laibrari nao wawe na nakala mbili, iliyotafsiriwa na isiyotafsiriwa, na wamwambie mteja ukweli kuhusu lugha iliyomo, maana nyumbani hutazamwa na watu wa heshima tofauti kwa wakati mmoja. Haya ya kusema «si umetafsiriwa bure, unalalamika nini» siyapokei, kwa sababu nililipa.

Jumatatu nilirudi dukani kudai pesa yangu. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba radhi, akasema pesa hairudi lakini ataniwekea filamu nyingine ya bure kunifuta machozi. Nimeifungua jana usiku mama alipokwisha kulala. Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ni ileile, ikitaja namba za simu.