Mjadala: Je, mbegu za lupini ziuzwe kwa wafugaji bila kupimwa uchungu wake?

Mwanzishaji wa mjadala, Kabete

Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba yeyote anayewauzia mbegu za lupini wafugaji wa Nairobi na viunga vyake alazimishwe na sheria kuandika kwenye mfuko kiasi cha alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye sumu, kilichopimwa katika mbegu hizo. Nimesukumwa na kauli mbili zinazopingana ambazo husikika kila wafugaji wanapokutana. Wengine husema kwamba lupini ni sumu na isikaribie zizi. Wengine hujibu kwamba ni jamii ya mikunde kama kunde na maharagwe, na kwamba ng'ombe apewe bila wasiwasi. Pande zote mbili huuzungumzia mmea huu kana kwamba jani, shina, ganda na mbegu vyote vina hali moja, na hapo ndipo tunapopotea.

Lupini si mgeni kabisa kwetu, kwa kuwa nyanda za juu za Kenya zina aina yake ya porini, Lupinus princei. Kama ilivyo kwa lupini nyingine za porini, uchungu wake ni silaha. Alkaloidi za mimea hii, zikiwemo lupanini na sparteini, hutengenezwa katika sehemu za kijani, hasa ndani ya kloroplasti za majani (chembe za kijani zinazonasa mwanga), kutokana na asidi amino iitwayo laisini. Kazi hiyo hufuata mwanga, kwa hiyo utengenezaji huongezeka mchana na kupungua usiku. Kutoka kwenye majani husafirishwa kwa mirija ileile inayobeba sukari hadi kwenye machipukizi, maua na maganda, na hatimaye mbegu. Katika shina na majani hukusanyika zaidi kwenye ngozi ya nje, mahali ambapo mdudu huanza kuuma. Mizizi huwa na kiasi kidogo.

Mbegu ndiyo ghala. Katika lupini chungu, mbegu kavu aghalabu huwa na alkaloidi asilimia 1 hadi 4 ya uzito wake, na akiba hiyo hulinda mche mchanga pindi unapochipua. Tuchukue asilimia 2 tu: hiyo ni gramu 20 katika kila kilo. Australia imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo katika unga wa lupini unaoliwa na watu, maana yake mbegu hiyo imekipita kikomo mara 100. Mtu aliyekula mbegu zisizoondolewa uchungu hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio, na akizidisha huchanganyikiwa. Kwa mifugo, historia ya Marekani inatosha kutuonya, kwani mwishoni mwa karne ya 19 kondoo wengi walikufa katika majimbo ya magharibi baada ya kula lupini za porini zilizokuwa na maganda yaliyojaa mbegu. Malisho yaleyale yasingewadhuru kiasi hicho baada ya maganda kupasuka na kumwaga mbegu. Muuzaji anayenyamazia jambo hili anamtupia mfugaji mzigo ambao hana kifaa cha kuupima.

Mwalimu wa kemia, Kasarani

Ndugu mwanzishaji, maelezo yako kuhusu mmea ni sahihi, ila sheria unayoipendekeza siikubali. Wakulima wa Ethiopia wamekula lupini nyeupe kwa vizazi vingi, na huiita gibto. Huikaanga na kuiloweka kwa siku kadhaa, wakibadilisha maji mpaka uchungu uishe. Wamisri wana termis yao, na watu wa milima ya Andes wana tarwi. Alkaloidi hizi huyeyuka katika maji. Maarifa yapo, na hayakuhitaji maabara.

Isitoshe, sheria hiyo itawasukuma wote kwenye lupini tamu. Aina hizo zilianza kupatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati Reinhold von Sengbusch alipopima mimea mingi sana na kuchagua michache iliyokuwa na alkaloidi kidogo. Lakini mmea ulionyang'anywa silaha huvamiwa: vidukari na sungura huziendea lupini tamu kwa urahisi kuliko chungu. Mfugaji mwenye robo ekari atajikuta ananunua dawa ya wadudu ili aokoe lishe ambayo ingejilinda yenyewe. Je, mabaki ya dawa hiyo katika maziwa tunayokunywa hapa jijini yana heri kuliko alkaloidi?

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Limuru

Mwalimu, kwa heshima zote, kuloweka mbegu ni jambo la jikoni. Mimi silishi mbegu. Nakata majani na mashina mabichi, nayachanganya na nepia, na siwezi kuloweka mzigo wa majani kwa siku nne kila ng'ombe anapotaka kula.

Mwaka jana nilinunua mbegu katika duka moja la pembejeo, nikaambiwa ni tamu. Mfuko haukuwa na maandishi yoyote zaidi ya bei. Nilipanda nusu ekari. Ng'ombe walionja mara ya kwanza, siku ya pili wakayasukuma majani kwa pua na kula nepia peke yake. Nilishauriwa niongeze molasi. Sikuongeza, kwa sababu mmoja wao alikuwa na mimba changa, na nilijua kwamba mnyama anapokataa kitu huwa ana sababu. Niling'oa shamba lote. Msimu mzima ukapotea, na nikarudi kununua mashudu kwa bei ya dukani.

Kwa hiyo naunga mkono hoja, ila nauliza: kipimo cha mbegu kitaniambia nini kuhusu jani?

Mwanzishaji wa mjadala, Kabete

Mama, swali lako limegusa pengo katika hoja yangu, na nitalijibu kwanza.

Katika aina tamu tulizonazo leo, urithi wenyewe hupunguza alkaloidi katika mmea mzima, kwa hiyo mbegu tamu kwa kawaida huzaa majani yenye alkaloidi kidogo. Kwa sasa, basi, kipimo cha mbegu kinakulinda hata kwenye jani. Hata hivyo, wapo watafiti wanaotafuta lupini yenye majani machungu na mbegu tamu, kwa kuuzuia mmea usisafirishe alkaloidi kutoka kwenye jani. Mmea kama huo ungemaliza hofu ya Mwalimu kuhusu wadudu, lakini ungepita kipimo cha mbegu na bado ukawa mchungu kwa ng'ombe wako. Narekebisha hoja: mbegu inayouzwa kwa ajili ya lishe mbichi ipimwe pia majani ya mche wake, hasa machanga, kwa kuwa tishu changa huwa na alkaloidi nyingi kuliko zilizokomaa.

Ulifanya vyema kumlinda ng'ombe mwenye mimba. Baadhi ya lupini za porini za Amerika Kaskazini zina alkaloidi iitwayo anagairini, na ng'ombe akiila kati ya siku ya 40 na ya 100 ya mimba anaweza kuzaa ndama mwenye miguu iliyopinda. Si lupini zote zilizo nayo, lakini mfuko usio na maandishi haukupi njia ya kujua ni lupini ipi uliyouziwa.

Mwalimu, kuhusu kuloweka nakubaliana nawe, mradi tuseme wazi kwamba moto peke yake hautoshi. Alkaloidi hizi hustahimili joto. Mpishi wa Nairobi aliyezoea kuchemsha githeri na kuacha supu yake sufuriani, akipika lupini chungu kwa namna hiyo, atakuwa ameubakiza uchungu wote humo humo.

Kuhusu gharama, wewe ni mwalimu wa kemia na unajua kwamba myeyusho wa iodini katika iodidi ya potasiamu hufanya maji ya mbegu chungu yatoe mashapo ya kahawia. Hautoi miligramu, lakini hutenga chungu na tamu, na muuzaji wa mbegu hawezi kudai kwamba gharama yake inamshinda. Kipimo kamili kifanywe mara moja kwa kila shehena, wakati wa ukaguzi wa mbegu ambao tayari upo kisheria.

Mwalimu wa kemia, Kasarani

Kwa kipimo cha iodini kwa kila shehena, nauondoa upinzani wangu wa gharama. Hofu ya wadudu nabaki nayo. Naongeza sharti moja: utamu wa lupini nyeupe hurithiwa kwa jeni dhaifu, ambayo hufunikwa ikikutana na ile ya uchungu, na nyuki huchanganya chavua. Mkulima atakayehifadhi mbegu zake karibu na shamba la lupini nyeupe chungu anaweza kuvuna mchanganyiko msimu ufuatao. Lupini yetu ya porini haina hatia hapo, kwani ina kromosomu (nyuzi za urithi) 38 na nyeupe ina 50, kwa hiyo hazitarajiwi kuzaliana. Mfuko useme hilo pia.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Limuru

Mfuko ukisema hayo yote kwa Kiswahili, na si kwa herufi ndogo za nyuma, nitapanda tena mvua za masika. Nitaanza na mistari miwili.